Kipimo cha Bi Simama

Katika mtaa ule hakuna mwanamke aliyewahi kutaja ukubwa wa kifua chake kwa namba. Namba walikuwa nazo za viatu, za milango, za simu za watoto wao waliohamia mbali, lakini kifua hakikuwa na namba. Kifua kilikuwa na Bi Simama. Mwanamke angeingia chumbani kwa Fundi, akaweka kikapu chini, akamtazama Bi Simama kutoka begani hadi kiunoni kama mtu anayechagua papai, kisha akasema, "Mimi Bi Simama na vidole viwili." Maana yake, nikatie kwa kipimo chake, halafu ongeza upana wa vidole viwili. Mwembamba angesema, "Bi Simama toa kiganja." Na mke wa muuza nyama, ambaye hakuwahi kujionea haya tangu azaliwe, alikuwa akitangazia mlangoni hata kabla ya salamu: "Fundi, tusidanganyane. Bi Simama na mkono mzima!"

Walicheka, na kazi ilikwenda. Hakuna aliyevuliwa blauzi, hakuna aliyepitishiwa futi kwapani na mtu asiye mama yake. Fundi alikata, akashona, na sidiria ikakaa.

Jina lenyewe halikutoka mbinguni. Fundi alikuwa dada yake, tumbo moja, mkubwa kwake kwa miaka michache, na kila alipotaka kujaribu kitu alichokishona alipaza sauti bila kuinua uso kwenye cherehani: "Simama!" Mdogo mtu aliinuka, akanyoosha mikono pembeni, akakaa hivyo, pini zikimzunguka kama inzi. Watoto wa jirani waliosikia sauti hiyo kutwa kucha dirishani walidhani ndilo jina lake. Wakalikuza kwa heshima, wakaweka Bi mbele. Likabaki.

Alikuwa msichana aliyeanza tu kuota kifua siku kazi hiyo ilipomwangukia. Wakati ule mama yao alikuwa bado akijifunga kitambaa, kipande kirefu alichokizungusha mara mbili, akavuta pumzi, akakichomeka ncha kwapani. Jioni alikifungua akatoa mguno kama mtu aliyetua kuni. Sidiria aliijua kwa kuiona kwenye kamba za watu, na alisema ni kofia mbili zilizogombana zikashonwa pamoja ili zipatane.

Shangazi yao ndiye aliyekuwa nayo moja. Alikuwa akifua nguo katika nyumba za wenye nacho, na bibi wa nyumba mojawapo alimpa aliyoichoka. Shangazi aliivaa siku za sherehe tu. Fundi, aliyekuwa bado anajifunza kushona magauni, alimwomba amwachie aitazame siku moja. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaigeuza ndani nje. Macho yalipomshinda akachukua wembe, akaifumua yote, mshono kwa mshono.

"Utairudisha?" mdogo wake alimuuliza, akiangalia vipande vilivyolala kitandani kama mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa.

"Kilichoshonwa na mtu, mtu atakishona," alijibu Fundi.

Hakuweza. Kila alipounganisha, kikombe kimoja kilitazama mlango na kingine kilitazama dari. Shangazi alikuwa anakuja kesho yake. Basi Fundi alichukua kitambaa cha marekani, akakata vipande vipya kwa kufuata vile vya zamani, akatoa vifungo kwenye shati la baba yao, akamvuta mdogo wake kwa mkono akamweka katikati ya chumba. Shangazi alikuwa na umbo dogo, na mdogo alikuwa karibu sawa naye kwa kimo na kifua. "Simama," akamwambia. Ndiyo ilikuwa ya kwanza. Shangazi alipokuja aliivaa ile ya marekani, akapiga hatua mbili tatu, akajigusa ubavuni, akasema, "Ile nyingine ilikuwa inanikwaruza." Hakuiulizia tena maisha yake yote.

Tangu hapo, kila kilichobadilika duniani katika nguo hiyo ya ndani kilipita kwanza mwilini mwa Bi Simama. Vifungo vya shati viliondoka, zikaja kulabu. Mikanda ya kitambaa ilipewa lastiki, na wanawake wakagundua kwamba wanaweza kupiga chafya bila kufunga tena. Ikaja miaka ya ncha. Vikombe vilishonwa kwa uzi uliozunguka na kuzunguka kama gamba la konokono hadi vikasimama vyenyewe mezani, na ukiingia mahali, ncha zako zilitangulia zikakuombea nafasi. Marehemu mume wa Bi Simama, siku hizo akiwa mchumba tu, alikuwa akimuuliza, "Nikija kukusalimia nije na ngao?"

Alipopata watoto, Fundi alimshonea zile zinazofunguka mbele, kila upande na kulabu yake, na kwa kuwa nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wananyonyesha mwaka ule, nusu ya mtaa ikavaa hivyo. Baadaye zikaja za kitambaa chepesi kinachong'aa, ambacho jua likiwaka kilinata mwilini kama plasta. Zikaja za waya, na Fundi akakesha na koleo akijifunza kuukunja. Mwishowe zikaja za sponji, ambazo Bi Simama alizivaa akasema anajisikia amebebeshwa mikate miwili apeleke kwa mtu.

Jambo moja watu hawakulijua. Kila iliyomkaa vizuri iliuzwa. Iliyomkaa ndiyo iliyokuwa sawa, na iliyo sawa ilikuwa ya mteja. Zilizobaki kwake zilikuwa zile zilizokosewa: iliyokatwa kombo, iliyoishiwa lastiki ya rangi moja ikamaliziwa na nyingine, ya waya wa kwanza kabisa ambao Fundi aliukunja vibaya. Waya huo ulitoboa kitambaa siku ya kikao cha wazazi shuleni, ukachungulia kwenye shingo ya blauzi yake, na mwenyekiti aliyekuwa ameketi karibu akamwomba kwa adabu amwazime hiyo kalamu. Mganga hajigangi. Alivaa makosa ya dada yake miaka yote, na hakuwahi kulifikiria jambo hilo kuwa ni kosa.

Kwa maana malipo yake aliyapata kwingine. Akienda sokoni, akienda msibani, akipanga foleni ya maji, aliwaona wanawake na alijua kilicho chini ya nguo zao. Yule kavaa mimi wa mwaka wa mvua nyingi. Yule kavaa mimi nilipokuwa nanyonyesha wa pili. Hata baada ya mumewe kufariki na wanawe kuhamia miji mingine, wakawa sauti ya simu ya Jumapili, hakuwahi kujisikia mpweke katikati ya watu, kwa sababu nusu ya watu hao walikatwa kwake. Na kila mchana aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha la dada yake, akishona kulabu kwa mkono, kazi ambayo Fundi hakuwa na subira nayo, akisubiri kuitwa asimame.

*

Kisha wasichana wakaacha kuja.

Hawakuacha kwa ugomvi. Walipungua kama maji ya kisima. Mama zao walikuja, bibi zao walikuja, wao wakanunua za dukani zilizofungwa kwenye nailoni. Fundi alisema wasichana wa siku hizi wamedanganywa na sponji. Binti yake, aliyerudi kushona pamoja na mama yake mwaka ule na ambaye alimwita Bi Simama mama mdogo, hakusema kitu. Alikuwa na tabia ya kutosema kitu huku akiinua nyusi.

Siku moja akaja binti wa msusi, bibi harusi mtarajiwa, na kifurushi mkononi. Mama yake ndiye aliyemwagizia: Bi Simama toa vidole vitatu, nyeupe, ya kuvaa ndani ya gauni.

"Mama mkubwa, shikamoo. Samahani sana," alimwambia Fundi, akikifinyafinya kifurushi. "Nzuri. Mshono mzuri. Ila hii... inanitafutia kifua tumboni."

"Inakutafutia nini?"

"Kifua. Mimi kiko hapa." Akaonyesha. "Yenyewe inakisubiri huku." Akaonyesha tena, chini kidogo ya mbavu.

Binti wa Fundi alicheka hadi akajishika cherehani. Fundi alinuna. "Nimekata kwa vipande vilevile nilivyomkatia mama yako!"

"Ndiyo, mama," alisema binti yake, na safari hii nyusi zilishuka. "Hebu tuvione hivyo vipande."

Vilikuwa vinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, vimetobolewa na kufungwa kwa uzi: vipande vya boksi ambavyo Fundi alikuwa akivilaza juu ya kitambaa na kuchora kwa chaki kabla ya kukata. Kila baada ya muda, akimjaribishia mdogo wake na kuona panabonyea hapa au panavuta pale, alichukua kalamu akarekebisha, na boksi likichakaa alikata jipya kwa kufuata la mwisho. Hakutupa hata kimoja. Binti alivifungua, akavipanga mezani, cha kwanza kabisa, kilichokatwa kwenye boksi la sabuni, upande wa kushoto, cha mwisho kulia.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kilele cha kikombe kilianza juu, kikakaa juu kwa muda, halafu kikaanza safari. Kidogo hapa, kidogo pale, kama jua linavyokwenda zake bila mtu kuliona likitembea. Mkanda wa chini ulipanuka. Mabega yalikaribiana. Cha mwisho kilikuwa cha mwanamke mwingine kabisa.

"Mama," alisema binti wa Fundi taratibu, "hizi siyo sidiria. Hii ni historia ya mama mdogo."

Binti wa msusi aliziba mdomo. Kisha wote watatu wakacheka, na Bi Simama ndiye aliyecheka kupita wote, machozi yakamtoka, akapiga mapaja yake. "Jamani! Nimewashusha wasichana wa watu kabla ya siku zao!" Wanawake wa rika lake hawakuwa wamegundua lolote kwa sababu walishuka naye, mwaka kwa mwaka, kidole kwa kidole.

Fundi peke yake hakucheka. Alivitazama vile vipande, akamtazama mdogo wake, akavitazama tena. Bi Simama alirudi kwenye kulabu zake, na mara hiyo alijichoma sindano, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu alipokuwa akijifunza kushona.

*

Baada ya siku chache alifika mchana kama kawaida, akakuta kitu kimesimama katikati ya chumba, mahali pake, kimefunikwa shuka. Fundi alivuta shuka bila hotuba. Ilikuwa sanamu ya kushonea nguo, kiwiliwili kilichovikwa kitambaa cha rangi ya maziwa, juu ya mguu wa chuma. Haikuwa na kichwa wala mikono. Kifua chake kilikuwa kimeinuka kama cha msichana ambaye hajawahi kubeba hata ndoo.

"Lile duka la magauni linafungwa," alisema Fundi. "Nimeichukua. Itasaidia."

"Imependeza," alisema Bi Simama.

Ndiyo maneno yote waliyosema. Wateja hawakuwa na ubahili kama huo. Mke wa muuza nyama aliingia, akaizunguka sanamu mara moja, akapiga ukelele.

"Bi Simama! Umeletewa mke mwenza!"

"Nimemkaribisha," alijibu Bi Simama. "Hana kichwa, hatanisengenya."

"Wala hana tumbo, hatakula chako. Lakini Fundi, usiache mbachao kwa msala upitao! Huyu amezaa lini? Amenyonyesha nani?"

Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie. Bi Simama aliketi kwenye kigoda chake akashona kulabu, sikio moja likiwa kwenye uzi na jingine kwa dada yake. Alisubiri. Fundi alijaribisha sidiria ya binti wa msusi kwenye sanamu, akajaribisha ya mwalimu wa chekechea, akajaribisha ya mke wa muuza nyama. Alichoma pini, akachomoa, akachoma. Mchana ukapita wote na lile neno halikutamkwa.

Jua lilipoanza kupoa, Bi Simama alikunja kazi yake, akajitupia mtandio begani. "Mguu unanisumbua," alisema. "Kesho huenda nisije."

"Pumzika basi," alisema Fundi.

Alikuwa na nia njema. Lakini neno jema likiangukia mahali palipokwisha kuchubuka huuma vilevile, na Bi Simama alitembea hadi kwake akilirudia kichwani: pumzika basi, pumzika basi. Hivyo ndivyo watu wanavyomwambia mtu ambaye hawatamwita tena.

Hakwenda kesho yake, wala siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata. Alifagia palipokwisha kufagiwa. Alipanga sufuria kwa ukubwa, akazipanga upya kwa umri. Mwanawe alipopiga simu Jumapili alifurahi: "Hatimaye mama umepumzika!" Akakubali, ndiyo, amepumzika.

Asubuhi moja, akivaa, alijitazama kwenye kioo cha kabati kama mtu anayemtazama mgeni. Sidiria aliyoivaa ilikuwa na kamba moja nyeupe na nyingine ya manjano. Kikombe cha kushoto kilitokana na masalio ya kitambaa cha harusi ya mtu, cha kulia na masalio ya nyingine. Alijitazama kifua chake, ambacho kimelisha watoto wawili na kuvisha mtaa mzima, na hakukionea aibu. Kushuka si dhambi. Hata jua hushuka. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Wasichana watakatwa kwenye kitu ambacho hakijawahi kuguswa na mikono ya baridi ya dada yake kikaruka kwa mshtuko. Hilo ni sawa, vifua vyao viko juu, na wavae vinavyowafaa. Lakini yeye sasa akiamka, nani anamhitaji asimame?

*

Wiki ya tatu, mchana, mtu alibisha.

"Hodi humu."

Aliitambua sauti hiyo akiwa jikoni, na hakuamini. Fundi hakuwa mtu wa kuacha cherehani. Aliiacha kwa misiba tu.

"Karibu," aliitikia, akifuta mikono. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu." Fundi aliingia, mfuko wa karatasi kwapani, akaketi ukingoni mwa kochi kama aliyekuja kuomba kazi. "Ila mke wa muuza nyama karibu ataniua mimi."

"Kafanya nini tena?"

"Karudisha. Akiinama kufua, inamkaba. Akiketi, inapanda hadi shingoni. Nikamwambia, basi usiketi. Akaniuliza, Fundi, kwani mimi sanamu?"

Bi Simama alijizuia kucheka, akashindwa kidogo.

"Na siyo yeye tu," Fundi aliendelea. "Wasichana wamefurahi, hilo siwezi kukataa. Binti wa msusi alikuja kunishika mikono. Mtoto wangu amekitoa kile kipande cha boksi la sabuni, ndicho tunachowakatia wadogo, na kimekaa. Lakini wenzetu sisi, hapana. Wote wamerudi. Ile sanamu haipumui, mdogo wangu. Haiinami. Naichoma pini haisemi hata aah. Kutwa nzima chumba kimya, nasikia cherehani yangu mwenyewe, mpaka nimeanza kuichukia."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

Ilitoka kabla hajaipima. Fundi aliyatazama magoti ya mdogo wake.

"Ulikuwa unashika meza," alisema.

"Nini?"

"Tangu mwaka jana. Nikikuambia simama, unashika meza kwanza. Halafu unashika kiti. Halafu ndiyo unanyoosha mikono, na magoti yanakutetemeka. Unadhani sioni? Mimi naona mshono uliopinda uzi mmoja, nitashindwa kumwona mdogo wangu? Nilipoiona ile sanamu dukani, sikutazama kifua chake. Nilitazama chini. Nikasema, hii ina mguu wa chuma."

Bi Simama alikaa chini taratibu, akashika kochi kwanza.

"Na ukashindwa kuniambia."

"Ningekuambiaje? Umezeeka? Wewe ukizeeka, mimi niliyekutangulia kuzaliwa niwe nini?"

"Dada." Sauti ya Bi Simama ilikuwa kati ya kilio na kicheko. "Miaka yote hii umeniambia simama. Nikiwa na mimba, simama. Nina homa, simama. Wiki tatu baada ya kumzika mume wangu ulikuja mlangoni hapo ukaniambia njoo usimame, na nikaja, nikapona. Leo umeshindwa kuniambia kaa?"

Fundi aliushusha mfuko wa karatasi mapajani. Alikuwa mtu wa mkasi. Maneno kwake yalikuwa kama kulabu, madogo mno kwa vidole vyake.

"Niliogopa," alisema mwishowe. "Nikikuambia kaa, ukakaa kwako."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Kisha Fundi akausogeza ule mfuko wa karatasi kama mtu anayesogeza sahani kwa mgeni.

Ndani yake mlikuwa na sidiria ya rangi ya chai ya maziwa. Mabega mapana, mkanda mpana, bitana laini, kulabu kwa mbele, kwa mikono ambayo siku hizi haifiki mgongoni bila kulalamika. Kamba zote mbili rangi moja. Bi Simama aliigeuza ndani nje kwa mazoea, akitafuta kosa.

"Ya nani? Nani ameagiza?"

"Hakuna aliyeagiza."

"Sasa umenipima lini?"

"Nikupime!" alisema Fundi. "Wewe mwanamke, nikupime nini?"

Bi Simama aliingia chumbani, akavuta pazia. Alivua ile ya masalio ya harusi mbili, akavaa mpya, akafunga kulabu moja moja kuanzia chini. Alivuta pumzi. Haikumkaba. Aliinama kama anayeokota kitu, akainuka. Ilikuwa kama mtu amemjia kwa nyuma njiani akampokea mzigo bila kumuuliza anatoka nao wapi. Alisimama hivyo kwa muda mbele ya kioo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuvaa iliyokuwa sawa bila kujua kwamba jioni itavuliwa iende kwa mwenyewe.

Alipotoka, amejifunika mtandio, mkono wa Fundi ulikwisha kupanda kwenye ukosi wa blauzi yake mwenyewe kutafuta pini.

"Geuka."

Akageuka.

"Inama. Haya." Fundi akavuta kiti cha jikoni. "Kaa."

Akakaa. Fundi alichuchumaa mbele yake, akatazama mkanda wa chini kwa jicho moja. Mkanda haukupanda. "Hapo," alisema kwa kunong'ona. "Ndipo nilipokuwa nakosea. Wenzetu siku hizi wanaketi zaidi kuliko kusimama. Ningejaribisha umekaa."

"Ila dada, hizi kulabu," alisema Bi Simama, akiigusa ya juu, "umezishona kama unafunga gunia la mkaa."

"Sasa unadhani nimefuata nini hapa?" alisema Fundi.

*

Kesho yake kigoda hakikuwepo. Karibu na dirisha palikuwa na kiti chenye mgongo na mto, na Bi Simama aliketi hapo akizifumua zile kulabu za dada yake na kuzishona upya, moja baada ya nyingine, jua likimpiga mkononi. Sanamu ilikuwa imesogezwa karibu na mlango, imevaa kitu cheupe cha msichana. Bi Simama alikuwa ameitundikia mkoba wake shingoni.

"Mama mdogo, hiyo siyo msumari," alilalamika binti wa Fundi.

"Mke mwenza hashindi bure," alisema Bi Simama.

Mlango ulijaa. Mke wa muuza nyama alikuwa amefika, kikapu mkononi, ameitazama sanamu kwa dharau, ameitazama ile nafasi ya dirishani, uso ukamkunjuka. Akatangaza kama zamani, kabla ya salamu:

"Fundi, mimi Bi Simama na mkono mzima!"

Binti wa Fundi aliinua chaki. Msumarini sasa vilining'inia vipande viwili tu vya kufanyia kazi, cha boksi la sabuni na cha mwisho. "Wa zamani au wa sasa?"

Mke wa muuza nyama alimtazama Bi Simama aliyeketi pale, kisha akainamisha kichwa akajitazama mwenyewe, bila haraka, kama mtu anayeangalia shamba lake baada ya mavuno.

"Wa sasa, mwanangu," alisema. "Sisi tumeshuka pamoja."

Fundi, pini mdomoni, hakuinua uso kwenye cherehani.

"Bi Simama!"

"Abee, dada."

"Kaa vizuri."

Naye akanyoosha mgongo, akafungua mikono pembeni, akakaa.